Shahidi Mwenye Jina la Nyanya

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, na akishalipata hachukuliwi tena kama mtoto tu. Baba yangu aliniita maitu, yaani mama yetu, tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Alipofariki, ndugu yake mdogo aliendelea kuniita hivyo. Akinikuta kwenye mteremko na mtungi wa maji alisema, "Maitu, leta hapa, utavunjika mgongo," kisha akaubeba mpaka nyumbani. Wageni walipenda kunitania. Waliniuliza kama huyu mwanangu mkubwa ananitunza, na kama nimemtafutia mke mzuri. Nilikuwa na haya sana. Nilikimbilia nyuma ya mlango na kungoja waondoke.

Shamba letu liko chini ya barabara, ukishatoka Gatitu, mahali ambapo kahawa ilikuwa nyingi zamani na sasa imebaki mistari michache. Kulikuwa na nyumba ya baba mdogo, nyumba yetu, na katikati jiko moja la mbao ambalo sote tulipikia. Mama yangu alikuwa Kangari akichuma chai na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi nilikula kwa baba mdogo pamoja na mke wake na mtoto wao wa pekee, binamu yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza. Nyanya alikuwa amehama. Magoti yake yalikataa ule mteremko, akapanga chumba Gatitu na kuuza mboga mbele ya mlango wake.

Siku ile tulikuwa tunangoja wageni wa kanisa. Nyama ilikuwa imechemshwa na kufunikwa. Binamu yangu alifunua sufuria akala, na baba yake akamkuta vidole vikiwa bado vina mafuta. Baba mdogo hakuwa amelewa, hakuwahi kunywa. Hakupaza sauti. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja chini, akaishikilia juu ya makaa. Alikuwa anamwambia polepole, kama mtu anayefundisha kuhesabu, "Hii mikono ndiyo inaiba. Unaona? Ni hii." Mimi nilikuwa mlangoni na kuni. Sikuziweka chini mpaka mwisho. Mke wake alikuwa nje akianua nguo, na alipoingia mtoto alikuwa sakafuni tayari, na baba yake amesimama akitazama ukuta.

Hospitalini wazazi wake walisema mtoto ameangukia jiko. Hawakuaminiwa. Baada ya siku chache polisi wa kike alikuja shuleni kwetu, akakaa nami ofisini kwa mwalimu mkuu, akaniuliza. Nilimwambia. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu nilikuwa nasema neno moja kisha natazama viatu vyake, lakini nilimaliza. Nilidhani kusema mara moja kunatosha, kwamba maneno yakishatoka kwangu yatakuwa ya serikali.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Afisa wa watoto alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mama mnene mwenye sweta ya zambarau, mtu wa upande wa Magharibi, na alizungumza na mimi kama mtu mzima, jambo lililonitisha kidogo.

"Mama yake amesema alianguka," alisema. "Amekataa kubadilisha. Mtoto mwenyewe tangu siku ile haongei, hata na daktari. Umebaki wewe."

"Na nikinyamaza?"

"Kesi itaanguka. Ikianguka, nitalazimika kumrudisha kwa baba yake. Sitakuwa na sababu ya kumkataza."

Sikuuliza lingine. Usiku na mchana nilikuwa na hilo tu kichwani: nikisema, hatarudi, nikinyamaza, atarudi.

Baba mdogo alipewa dhamana, na hakimu akamwonya asinikaribie wala kuzungumza nami mpaka kesi iishe. Hapo ikabidi mimi nihamishwe, kwa sababu milango yetu ilikuwa inatazamana. Mama hakuweza kunichukua Kangari. Alikuwa analala chumba kimoja na wachumaji wengine, na mimi nilikuwa darasa la sita. Tulikaa ofisini kwa naibu chifu: afisa, mama, mimi na yeye mwenyewe.

"Hii si maneno ngumu," naibu chifu alisema. "Ako na cucu yake hapo Gatitu. Tena ndiye mwenye jina."

Afisa alijua cucu ni nyanya, ila akauliza maana ya mwenye jina. Akaelezwa. Akafurahi, nakumbuka, hata akanishika bega. Mama yangu pia akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa kike apelekwe wapi kama si kwa yule aliyepewa jina lake? Hakuna aliyefikiri mara mbili. Wote watatu walikuwa wanatafuta mahali pa kunificha, na wakanipeleka kwa mama ya mshtakiwa, na hakuna kati yao aliyeliona hivyo. Hata mimi sikuliona. Nilifungasha nguo zangu nikiwa na furaha, kwa sababu nilimpenda nyanya kuliko mtu yeyote.

Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, tukalala pamoja. Asubuhi aliniamsha kwa kunishika kidole kikubwa cha mguu. Alinipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa, akanipa chai, akanisindikiza hadi kona ya shule. Kwa wiki kadhaa hakusema lolote juu ya kesi.

Kisha baba mdogo akaanza kuja. Hakuvunja amri ya hakimu. Alikaa ng'ambo ya barabara kwa fundi wa viatu, kwenye benchi, mgongo ukiwa umetuelekea. Nyanya alipakua chakula, akafunika kwa sahani nyingine, akavuka barabara nacho. Walikaa pamoja akila. Mimi nilitazama kupitia pazia. Alikuwa amekonda, na shingo ilikuwa imeanza kuonekana kama ya mtu mzee. Hakugeuka hata siku moja. Alipomaliza alirudisha sahani, na nyanya aliporudi aliniambia, "Amekusalimia," au, "Ameuliza kama ile kikohozi iliisha."

Jioni moja tulikuwa tunaambua minji, yaani njegere, za kuuza kesho yake. Sufuria ilikuwa katikati yetu na maganda tulikuwa tunayatupa kwenye gunia.

"Wewe unaitwa nani?" nyanya aliniuliza.

Nikacheka, nikataja jina.

"Hiyo ni jina ya nani?"

"Ni yako, cucu."

"Haya. Mimi nilizaa watoto wawili. Mmoja nimezika. Huyu amebaki, unataka nimpeleke jela na mdomo yangu mwenyewe?"

"Si wewe, cucu. Ni mimi nitasema."

"Ni wewe nani?"

Niliambua ganda moja mpaka likachanika vipande.

"Sikwambii useme uongo," aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Uongo Mungu hapendi. Mimi nakwambia tu, siku hiyo ungekuwa umeenda kuchota maji. Si kila siku ulikuwa unaenda? Ungekuwa umeenda. Ungekuta imekwisha."

"Na mikono yake?"

"Mikono ya mtoto hupona."

Tukaendelea na kazi. Baadaye niliona kwamba anatupa minji kwenye gunia na kuweka maganda kwenye sufuria. Sikumwambia. Alipoenda kufunga kuku nilimwaga vyote sakafuni nikavichagua upya.

Hakunitisha, hakunipiga, hakuninyima chakula. Kama angefanya hivyo pengine ningemwambia afisa. Aliniambia tu, karibu kila jioni, kwamba mimi ni yeye. Na mimi nilikuwa nimefundishwa hivyo tangu kuzaliwa. Wakati mwingine nilijitazama kwenye kioo chake kidogo cha ukutani na kuona meno yangu ya mbele yameachana kama yake, nikajiuliza kama kweli kuna sehemu yangu ambayo haikuwa yake, iliyosimama pale mlangoni na kuni.

Afisa alinipeleka mara moja kumwona binamu yangu katika nyumba ya watoto alikokuwa anatunzwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka ikawa kama mafungu mawili ya pamba, na ameiweka juu ya magoti kama vitu alivyopewa avishike kwa muda. Nilimpelekea mandazi kutoka kwa nyanya. Nilimlisha. Alitafuna bila kunitazama. Mwanamume aliyekuwa anakata nyasi alipomwita mwenzake kwa sauti, binamu yangu aliacha kutafuna, akangoja, na andazi likabaki limevimba shavuni. Mashine ya nyasi ilipowaka tena, akaendelea kula.

Kesi iliahirishwa mara nyingi. Kila mara nilivaa sare ya shule, tukaenda kortini na nyanya, tukaketi kwenye benchi ya ukumbini. Ndani kulikuwa na kila kitu cha kumlinda mtoto. Afisa alikuwa amenionyesha. Kulikuwa na ubao mrefu wenye pazia wa kunitenga na mshtakiwa. Lakini ukumbi ulikuwa mmoja, choo kilikuwa kimoja, na benchi zilikuwa zinatazamana. Baba mdogo alikaa upande wa pili na kutazama sakafu. Saa nne alinunua chai na mandazi, akampa nyanya, nyanya akanipa mimi. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Siku ambayo hatimaye kesi ilikuwa inasikilizwa, afisa alifika mapema kuliko kawaida na kuona andazi likitoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka kwangu.

Alinivuta kando. "Huyu cucu yako ni mama ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Na mshtakiwa ni ndugu ya baba yako. Mama mmoja?"

"Ndio."

Alikaa kwenye benchi kama aliyesukumwa. Karani wa korti, kijana wa huku kwetu, alikuwa anapita na mafaili.

"Wewe ulijua?" afisa alimuuliza.

"Madam, kila mtu anajua. Si ndiye mwenye jina?"

"Na hakuna mtu angeniambia?"

"Ati tukwambie nini? Tulifikiria ndio maana mlimpeleka huko."

Afisa alinigeukia. Alinishika kidevu, ili nisiweze kutazama chini. "Amekwambia useme nini?"

"Hajaniambia niseme kitu."

Hiyo ilikuwa kweli. Lakini nadhani alinielewa, kwa sababu aliingia ndani haraka kwa mwendesha mashtaka, na nikawaona kupitia mlango uliokuwa wazi wakizungumza huku wakitikisa vichwa. Nasikia walifikiria kuomba iahirishwe tena. Mwishowe waliogopa kwamba nikirudi tena Gatitu hata wiki moja, hakuna shahidi atakayebaki.

Karani aliita jina langu. Kabla sijasimama, nyanya alikuwa amesimama. Alitembea na fimbo yake mpaka mbele, taratibu, akaingia kizimba cha mashahidi na kuvua kitambaa cha kichwa.

"Cucu, si wewe," karani alisema.

"Si umeita?"

"Nimeita shahidi."

"Umeita jina yangu. Niko nalo kabla mama yako azaliwe."

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Hakimu, mama mwenye miwani, hakucheka pia. Alingoja watu watulie.

"Mama, umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema huyu ni mtoto yangu. Na ile mtoto ingine ni mimi. Sasa kama kuna kitu ya kusema, mimi ndio nitasema, na mimi sikuona kitu."

"Nimekusikia," hakimu alisema. "Lakini wewe hukuwa hapo. Nataka yule alikuwa hapo."

Akaamuru watu wote watoke isipokuwa wanaohusika, na nyanya pia. Alipopita karibu nami alisimama. Nilidhani atasema jambo. Alivua sweta yake, akanivika mabegani, akanifunga kifungo cha juu. Kisha akatoka na fimbo yake.

Niliwekwa kwenye kiti nyuma ya lile pazia. Niliweza kumwona hakimu na afisa aliyekaa kando yangu. Baba mdogo sikumwona, ila nilijua yupo kwa sababu nilimsikia akikohoa.

Hakimu alinivulia miwani. Aliniuliza niko darasa gani, mwalimu wangu ananifundisha nini, kama naenda kanisani. Nilikuwa najibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, kwa hiyo ikaamuliwa nimnong'onezee afisa, naye aseme kwa sauti.

"Ukisema uongo kitafanyika nini?" hakimu aliuliza.

Tulifundishwa jibu hilo katika shule ya Jumapili, na kila mtoto analijua. Nilimnong'onezea afisa. Afisa hakusema mara moja.

"Amesemaje?"

"Amesema atachomwa."

Hakimu aliangalia karatasi zake. Akavaa miwani tena na kusema tuendelee.

Mwendesha mashtaka aliniuliza, na nikasema. Nilisema nilikuwa na kuni. Nilisema juu ya nyama, sufuria, viganja kugeuzwa chini. Kila sentensi niliyonong'ona ilitoka upande wa pili kwa sauti nzito ya afisa, kwa Kiswahili chake kizuri, na ilinishangaza jinsi ilivyokuwa mbaya ikisemwa na mtu mwingine. Moyoni mwangu ilikuwa imekaa muda mrefu mpaka ikawa kama samani. Nilipofika kwenye yale maneno yake ya polepole, kwamba ni hii mikono, nilisikia kiti kikilia nyuma ya pazia.

Baba mdogo hakuwa na wakili. Hakimu akamweleza kwamba ana haki ya kuniuliza maswali, ila atayapitisha kwake.

"Maitu," alisema.

Niliinuka nusu, kwa mazoea, kama mtu aliyeitwa nyumbani. Afisa akanishika goti.

"Utamwita shahidi," hakimu alisema.

"Samahani. Muulizeni shahidi, mimi nimewahi kumpiga?"

Nikanong'ona. "Hapana," afisa akasema.

"Aulizwe, baba yake alipokufa, nani alikuwa anambeba mabegani kwenda kanisa?"

"Amesema ni wewe."

"Viatu amevaa sasa, ni nani alimnunulia?"

"Ni wewe."

"Mbele ya hiyo siku, alikuwa ameona mimi nikiumiza mtu? Hata ng'ombe?"

"Hapana."

Yote yalikuwa kweli. Kila jibu lilikuwa linatoka kwangu likiwa zuri, na nilitamani aendelee kuuliza mpaka jioni, ili yale mazuri yawe mengi yafunike lile moja. Nilikuwa nalia, pua ikinichuruzika kwenye sweta ya nyanya.

"Una swali kuhusu siku yenyewe?" hakimu alimuuliza.

Kiti chake kikalia tena.

"Sina," alisema. "Lakini aulizwe kama anataka nifungwe."

"Swali hilo halitajibiwa. Si kazi ya mtoto kuamua hivyo. Ni yangu."

Nilisikia watu wakiandika. Afisa alinitolea kitambaa. Mpaka leo sijui ningejibu nini, na ninamshukuru yule hakimu kwa kulikataa swali lile kuliko kwa jambo lingine lolote alilofanya.

Alifungwa miaka kadhaa. Mke wake aliposikia hukumu alikwenda hatimaye kwa afisa, akasema aliyoyajua, na akapewa mtoto wake kwa sharti la kuishi kwa wazazi wake, Kianyaga. Kwa hiyo binamu yangu hakurudi kwa baba yake. Lile lililokuwa kichwani mwangu lilitimia, na kila mtu aliyekuwa na kazi katika kesi ile aliridhika.

Nami sikurudi kwa nyanya. Mama alinichukua Kangari na tukajibana. Nilimaliza darasa la nane huko, karo ya sekondari ikakosekana, nikaingia kwenye chai. Nilikwenda kumsalimia nyanya kila Krismasi. Alinipokea vizuri. Alifuta kiti, akanitolea kikombe chenye maua ambacho hakikutumiwa ila na wageni, akaniuliza habari za Kangari na mvua. Alinikaribisha kwa maneno yote ambayo mtu humkaribishia mgeni. Sikuwahi kumsikia tena akitaja jina letu. Alifariki msimu wa baridi, baba mdogo akiwa bado ndani, na kaburini walinipa mimi udongo wa kwanza kuutupa, kwa sababu ya jina.

Mwaka jana baba mdogo alitoka. Miezi michache baadaye mke wake alinipigia simu. Tulikuwa hatujazungumza sana.

"Njoo uongee na huyu kijana," alisema. "Mimi amenishinda. Labda wewe atakusikia."

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni. Alikuwa amekua, sauti imeanza kukwaruza. Ngozi ya viganja ilikuwa inang'aa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki, kwa hiyo alishika shoka kwa namna yake. Alikuwa akiongea vizuri siku hizi, mcheshi hata, na kichwa kimejaa Sheng.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa. Ni kweli unarudi kwa baba yako?"

"Desemba naingia hosi natahiriwa. Wasee wote wa darasa yangu wanapelekwa na baba zao, wanaponea kwao. Mimi niponee wapi? Kwa guka, baba ya mama? Watasema niliokotwa."

"Hospitali ni ile ile."

"Hospitali si nyumbani. Wewe ni msichana, huwezi shika hiyo maneno."

"Na humwogopi?"

Aliweka gogo lingine sawasawa.

"Namwogopa," alisema. "Lakini pia nitakuwa mwanaume. Na yeye amezeeka, watu wanasema hata kahawa inamshinda kuchuma. Wewe ulisema yako kortini, sawa. Hiyo ilikuwa ya wakubwa. Mimi sikuulizwa."

Hakuwa amekasirika. Pale hapakuwa na pazia, wala mtu wa kunong'onezea aseme kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nilimwambia tu angoje mwaka mmoja. Alisema wenzake hawangoji.

Nilimpigia simu yule afisa. Alikuwa amehamishwa, mwenye namba ile sasa alikuwa kijana mwenye adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kesi ilifungwa, baba ametumikia kifungo chake, mama wa mtoto ndiye mwenye haki ya kukataa, na kama kutatokea jambo jipya nisisite kuripoti.

"Likishatokea," nilisema.

"Ndiyo, dada. Likishatokea."

Mama yake hakukataa. Alisema akimzuia atamchukia maisha yake yote, na kwamba mvulana hatahiriwi akiwa amenuna. Alimfungia dawa za kidonda, unga wa uji na blanketi. Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka Gatitu, kwa sababu mama yake hakutaka kukanyaga huko. Baba mdogo alikuwa amesimama pale njia ya kwetu inapoacha lami, amevaa koti la kanisani. Kijana akanyoosha mkono kumsalimia. Baba yake aliutazama kwanza. Kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayepokea yai, akawa hajui auachie lini. Mimi alinivulia kofia tu. Wakashuka.

Sikurudi Kangari. Nilipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli ndogo hapa Gatitu, na chumba nyuma yake. Mama anasema nimepoteza akili, kwamba chai ilikuwa inalipa vizuri zaidi na kwamba mtoto ana mama yake. Hakuna aliyenituma, na sina karatasi ya mtu yeyote. Dirisha la kuoshea vyombo linatazama barabara. Kijana, aliyebaki kwa baba yake baada ya kupona, akipita kwenda shule au dukani namwita, nampa chapati iliyobaki, na wakati anaipokea natazama viganja, halafu viwiko, halafu shingo. Sasa ameshajua. Siku hizi akinyoosha mikono anaigeuza mwenyewe juu chini, huku akitazama kando, na kuniambia nifanye haraka wenzake wanamngoja.

Jana alipita amebeba dumu la dawa ya kahawa. Nilimtazama. Sikuona kitu kipya.